Maji ya Udhu na Nyasi za Mlangoni



Baada ya kumshukuru Mola wetu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), napenda wiki hii tuzungumze juu ya bustani. Vijana wetu wengi wa pwani sasa wamejenga Kitengela na sehemu nyinginezo za Kajiado, na kila niwazurupo huniuliza swali moja: tufanyeje nyumba zetu zizungukwe na kijani kama kwetu? Kiangazi kilichopita nilikuwa mgeni wa binti yangu huko, na jibu nililipata mlangoni pake kwa njia ambayo sikuitarajia.

Mkwe wangu alikuwa amenunua miche mingi ya mmea ambao wauza miche huuita mondo, na wengine manki grasi, yaani nyasi za kima. Kwa hakika si nyasi. Ni mmea wa ukoo mmoja na asparaga, na asili yake ni China, Japani na Korea, ambako humea chini ya vivuli vya miti. Majani yake ni membamba, ya kijani kilichokoza, nayo hutoka kwa mafungu. Kijana alikuwa ameueneza uwanja mzima, tangu langoni hadi barazani, juani pakavu.

Udongo wa Kitengela ni ule mweusi ambao mafundi huuita blakikotoni. Mvua ikinyesha huvimba na kunata. Kiangazi kikija hupasuka nyufa. Maji ya visima vingi vya huko nayo yana chumvi. Basi majani yakaungua ncha, na kadiri yalivyozidi kukauka, ndivyo kijana alivyozidi kuyamwagilia kwa maji ya kununua, yaletwayo kwa bauza.

Alasiri moja jirani, mzee wa Kimasai, alibisha hodi. Aliomba ndoo mbili za maji kwa ajili ya ndama zake. Mkwe wangu alimjibu kwa adabu kwamba maji hayatoshi hata kwa nyumba. Mzee akashukuru, akaenda zake. Wakati huo wote mpira ulikuwa ukitiririsha maji juu ya mondo. Mimi nilikuwa barazani, nikanyamaza, na hilo najilaumu hadi leo.

Baada ya Magharibi nilimwita. "Mwanangu," nikamwambia, "mzee yule ameuona mpira."

Akainamisha kichwa. "Lakini Baba, maji yale nimeyanunua kwa pesa zangu."

Kweli ni mali yake. Hata hivyo nilimkumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuyazuia maji yaliyomzidi, na akafundisha kuwa watu hushirikiana katika maji, malisho na moto. Wanazuoni wameeleza kwa kirefu maji yapi humilikiwa na yapi hayamilikiwi, nami sikutaka kumhukumu. Nilimuuliza tu: kati ya ndama na mondo, yupi mwenye roho?

Asubuhi alichukua mitungi miwili akaenda mwenyewe kwa mzee. Alirudi kimya. Mzee alikuwa amempokea vyema, akamsimulia habari za ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikafululiza kupita bila mvua ya kutosha, na mifugo ikafa Kajiado nzima. Kwa Wamasai nyasi si pambo. Ni uhai wa ng'ombe, na ashikaye nyasi mkononi hutangaza amani.

Je, mondo tuung'oe? La. Tuliuhamisha. Upande wa kusini wa nyumba, chini ya mti, kuna bomba la kutawadhia, na maji yake yalikuwa yakipotea mtaroni. Watu watano wakitawadha mara tano kwa siku, hata kwa lita moja kila mmoja, ni lita 25. Na Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, kiasi kisichofika lita! Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi ni tohara, ila hayatoharishi tena. Hayafai kutawadhia, lakini kumwagilia mche hapana ubaya. Maji ya jikoni yenye mafuta na sabuni yaacheni.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Inueni tuta kiasi cha shubiri moja, mchanganye udongo mweusi na mchanga na samadi iliyooza, ili maji yasituame mizizini. Ng'oeni fungu la zamani, mlikate kwa kisu vipande vipande, kila kipande kiwe na mizizi na majani yake. Pandeni kwa nafasi ya shubiri moja, shina likae sawa na uso wa udongo, lisizikwe. Wakati mwema ni mwanzo wa masika, mwezi Machi, au vuli ianzapo Oktoba, mvua isaidie kulea miche na kuosha chumvi. Kisha subirini, kwani mmea huu hauna haraka; huenda ukachukua miaka miwili kuziba nafasi. Hauhitaji kufyekwa kila wiki. Ukatwe mara moja kwa mwaka kabla ya mvua, bila kugusa kitovu chake. Wala hauvumilii kukanyagwa, basi watoto watengewe mahali pao pa mchezo. Wakanywe pia wasile matunda yake.

Jambo la mwisho ni mpaka. Ziko aina zikaazo kwa mafungu, na ziko zitambaazo chini ya ardhi hadi kwa jirani. Zikeni safu ya matofali ukingoni, kina cha futi moja, kabla hamjapanda. Ni vyema jirani aone uzuri wa bustani yako bila kupata taabu yake.

Leo mlango wa binti yangu una ukanda mmoja mwembamba wa kijani, na uwanja uliobaki umetandazwa kokoto. Bauza huja mara chache kuliko zamani. Karibu na lango pana pipa lenye kifuniko, na mzee halazimiki tena kubisha hodi.