Mpishi na fundi bati wawe majirani

Nikiletewa chakula, mimi hutazama chombo kwanza. Mazoea hayo niliyatoa Kamukunji, Nairobi, nilikokunja bati na kugonga makarai kabla ya kuhamia Balsall Heath, mtaa wa Birmingham nchini Uingereza. Kwa hiyo mlo wa kwanza wa balti niliowekewa mezani huku ulinivutia kwa bakuli lake kabla ya mchuzi: chuma chembamba kilichopigwa presi, kitako bapa, masikio mawili, na nyama bado inachemka ndani.

Wageni hudhani chakula hiki kililetwa kutoka Pakistan kama kilivyo. Sivyo. Kilibuniwa hapa, miaka ya 1970. Mohammed Arif wa mkahawa wa Adil's, uliokuwa Stoney Lane, mpakani mwa Balsall Heath na Sparkbrook, anasema yeye ndiye aliyekianzisha mwaka 1977. Wateja wa hapa walitaka chakula cha haraka, ilhali nyama ya mifupa huiva taratibu na karai la chuma cha kusubu huchelewa kushika moto. Wapishi wakabadilisha kimoja baada ya kingine. Mifupa ikatolewa, samli ikapisha mafuta ya mimea, moto ukazidishwa. Moto mkali nao ukadai chombo chembamba, na chombo hicho kikatoka kwa wapiga presi wa mji huu huu, ulioishi kwa vyuma kwa karne nyingi. Mteja analetewa karai lile lile lililotoka jikoni, anamega mkate wa naan na kula.

Wapishi wale wangekuwa mbali na mashine za chuma, sidhani kama balti ingezaliwa. Kujaribu na kukosea ni kazi ya miguu. Unampelekea fundi lawama asubuhi, jioni anakuonyesha kingine. Umbali ukizidi, kila kosa linakuwa na nauli yake, na mtu mwenye mtaji mdogo huacha kujaribu.

Sisi Wakenya tuna ushahidi wetu jikoni. Jiko letu la makaa lenye udongo ndani lilianzia kwenye muundo wa jiko la ndoo la Thailand, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lilipokuwa na udongo hadi chini lilikuwa zito, tena likipasuka. Wapishi wakalalamika, mafundi wakakata bati upya, hadi likapata kiuno chembamba na udongo ukabaki sehemu ya juu tu.

Ndiyo maana nashangaa viongozi wanapozindua vituo vya ubunifu vyenye vioo na intaneti huku tingatinga likisubiri mabanda ya mafundi. Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985, aliagiza wajengewe paa la kuwakinga na jua. Agizo lenyewe halikuwa na maneno makubwa, lakini lilimwacha fundi pale pale walipo wateja wake. Hapa Balsall Heath nako, kwenye barabara ya Moseley Road, kiwanda cha zamani cha uchapishaji, Old Print Works, kimegeuzwa karakana za mafundi na wasanii.

Najua jibu: mafundi wana kelele na wanaziba njia. Kelele zipo, masikio yangu ni shahidi. Lakini kelele hupangiwa saa, na njia huchorewa mstari. Ukimhamishia fundi nje ya mji, unakuwa umemtenga na mama wa kibanda ambaye ndiye angemwambia sufuria ile inaunguza ugali.

Kaunti zetu zikitaka ubunifu, ziwape mafundi na wapishi wa sokoni hati ya kukaa pamoja, ya miaka mingi. Anayeogopa kubomolewa kesho hutengeneza kile tu alichouza jana. Fundi mwenye uhakika wa mwakani ndiye anayethubutu kukunja bati kwa umbo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliulizia.