Kanuni za kompyuta zisituponze sokoni

Hapa Kakamega pamezuka mafundi wa aina mpya. Hawashoni viatu wala hawazibi magurudumu ya baiskeli. Huketi na simu au kompyuta, wakachora bei za hisa na za fedha za kigeni, kisha wakatunga kanuni: nunua bei ipandapo juu ya wastani wa siku kadhaa, uza ishukapo chini yake. Kanuni ikileta hasara katika bei za miaka iliyopita, hubadilishwa idadi ya siku na kupimwa upya, na tena upya, hata ilete faida nono. Hapo ndipo hutafutiwa mnunuzi.

Sisemi kwamba kazi hiyo ni upuuzi. La hasha! Wengi wetu tulijifunza soko la hisa kwa uvumi na misukumano ya foleni. Safaricom ilipouzwa kwa wananchi mwaka 2008 kwa shilingi 5, watu walikopa ili wapate hisa. Mapema mwaka 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3, na kuna waliouza kwa kihoro. Mwenye kanuni iliyoandikwa na kupimwa angalau hujua tangu mwanzo atatoka lini na atavumilia hasara ya kiasi gani. (Ingawa, kusema haki, waliokaa kimya bila kanuni yoyote waliiona hisa hiyo hiyo ikipita shilingi 40 mwaka 2021.) Kuzipima kanuni pia hufichua mapema zile zisizofaa kabisa, na hilo pekee huokoa fedha.

Walakini kuna tofauti kubwa kati ya kuipima kanuni na kuibembeleza mpaka iseme tunachotaka kusikia. Mathalani, fahirisi ya hisa 20 za Nairobi ilikuwa ikizungukia 1,000 katika mwaka 2002, na kufikia Januari 2007 ilikuwa imepita 6,000. Kanuni yoyote iliyonolewa kwa bei za miaka hiyo ingeonekana kuwa na akili nyingi, kumbe akili ilikuwa ya soko lenyewe. Mapema mwaka 2009 fahirisi hiyo ilikuwa imeanguka chini ya 3,000.

Sisi wa huku tuna mfano ulio karibu zaidi na mchungu zaidi, nao ni Mumias. Kampuni hiyo ya sukari iliingia soko la hisa mwaka 2001 kwa shilingi 6.25. Mwishoni mwa 2006 serikali iliuza sehemu ya hisa zake kwa shilingi 49.50. Mtu aliyekuwa na chati ya miaka hiyo angeapa kwamba kila bei ishukapo ni wakati wa kununua, kwa kuwa ilikuwa ikiinuka tena. Kanuni hiyo ingemfuata mkulima wa miwa na mwalimu wa shule hadi bei ilipokuwa chini ya shilingi moja, na hatimaye hadi Septemba 2019, kampuni ilipowekwa chini ya mrasimu na biashara ya hisa zake kusimamishwa. Chati haikuonyesha madeni wala miwa iliyokosekana kiwandani.

Isitoshe, hisa za Mumias ziliongezwa kutoka milioni 510 hadi bilioni 1.53 kwa kuwagawia wenye hisa nyongeza ya bure. Bei ya kila hisa ilipaswa kushuka kwa theluthi mbili bila mtu kupoteza chochote. Kompyuta isiyoambiwa hivyo huona maangamizi, nayo huinoa kanuni yake kwa msiba ambao haukutokea. Na fundi anayepima kanuni kwa kampuni zinazouzwa sokoni leo tu, akaziacha Mumias na ARM Cement, amewaondoa wafu katika hesabu, kisha anashangaa jinsi kijiji chake kilivyo na afya.

Ada nazo husahauliwa. Mwekezaji mdogo wa Nairobi hulipa karibu asilimia 2 anunuapo na karibu asilimia 2 auzapo. Kanuni inayoingia na kutoka mara moja kila mwezi itaubakiza mtaji wa shilingi 100 ukiwa takriban shilingi 61 baada ya mwaka mmoja, hata kama bei haikusogea senti.

Lakini la mno ni idadi ya majaribio. Katika bahati nasibu lazima mtu ashinde, wala hatumwiti mshindi huyo mtaalamu wa tikiti. Mwaka 1999 wachunguzi Sullivan, Timmermann na White walichapisha matokeo ya kupima karibu kanuni 8,000 kwa bei za Dow Jones za miaka 100. Kanuni iliyokuwa bora hadi 1986 haikuonyesha ubora huo katika miaka kumi iliyofuata. Ikiwa hali ni hiyo katika soko lenye biashara nyingi kiasi kile, sembuse kwetu, ambako hisa nyingine hupita siku nzima pasipo mnunuzi?

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imekuwa na taratibu za biashara ya fedha za kigeni kwenye intaneti tangu 2017, na mawakala hupewa leseni. Naona muuzaji wa kanuni na programu naye abanwe vivyo hivyo. Aseme kwa maandishi amejaribu kanuni ngapi kabla ya kuipata hii. Aonyeshe matokeo ya miaka ambayo hakuitumia kuinolea, ada zikiwa zimetolewa. Na ikiwa kanuni ya siku 47 inaleta faida, aonyeshe ya siku 45 na ya siku 50 zilileta nini. Zikileta hasara, kijana wa Lurambi aliyetumwa na karo ya mdogo wake ana haki ya kulijua hilo kabla ya kutoa fedha mfukoni.