Mzee wenu anakwenda Hija: mmempima?



Ndugu msomaji, kila unapokaribia msimu wa Hija wazee hunijia zahanati na karatasi mkononi. Karatasi hiyo ni fomu ya afya ya msafiri. Wengi hawaji kupimwa, wanakuja kupigiwa muhuri. Mzee ameshauza kiwanja au watoto wamemchangia, nguo za ihramu zimeshanunuliwa, kisomo cha kumuaga kimeshapangiwa siku, na wiki mbili kabla ya ndege anakumbuka kwamba kuna tabibu. Ukimwambia, "Baba, vua viatu nitazame miguu," anakushangaa. Miguu na Hija vinahusiana nini?

Vinahusiana, na mimi nimejifunza hilo kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia Maalim aliyenisomesha tangu alifu hadi nikahitimu. Nilijua ana kisukari, na nilijua kliniki haendi kwa mpango. Nikamwambia tupime sukari kwanza. Akacheka akasema, "Mwanangu, andika tu, mimi mzima, na nilipo hapa roho yangu iko Makka." Mtu aliyekushika mkono ukaandika bismillahi ya kwanza ya maisha yako, utamwambia nini? Niliona haya. Nikaandika kuwa afya yake ni njema, nikapiga muhuri, nikamwomba aniombee dua.

Huko Makka, siku moja adhuhuri, alitoka msikitini asizione kandambili zake alipoziacha. Akatembea pekupeku hadi alipofikia. Barabara ilikuwa inaunguza, lakini yeye hakuhisi, kwa sababu kisukari cha miaka mingi kilikuwa kimeshaua hisia za nyayo. Malengelenge aliyaona usiku. Hakumwambia kiongozi wa msafara, kwani alikuwa amemficha ugonjwa tangu mwanzo na alichelea kurudishwa. Aliporudi nyumbani kidonda kilikuwa kimeshafika mfupani. Mguu ulikatwa chini ya goti. Hadi leo anasomesha watoto akiwa amekaa kitini, na hajapata kunilaumu hata siku moja.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika si ya kitabuni tu. Ninaamini kwamba mzee anayetaka kwenda Hija apimwe miezi sita kabla, si wiki mbili, tena kabla hajalipia. Na tabibu akisema bado, au akisema hapana, familia isitafute tabibu mwingine wa kusema ndiyo.

Najua nitajibiwa kwamba mauti yako mikononi mwa Allah, na kwamba kufia Makka ni bahati. Wapo wazee wanaosema hivyo kwa ikhlasi na siwabezi. Lakini Mwenyezi Mungu katika Suratu Aal Imran aya ya 97 ameifaradhisha Hija kwa mwenye uwezo wa kuiendea njia yake, na mafakihi wameuhesabu mwili wenye afya kuwa ni sehemu ya uwezo huo, sawa na masurufu. Katika Hija ya kuaga, mwanamke wa kabila la Khath'am alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya baba yake, mzee sana asiyeweza kukaa juu ya mnyama, je amhijie? Mtume akamruhusu. Hakumwambia amfunge baba juu ya ngamia ili akafie njiani. Basi ikiwa mzee wako ana maradhi yasiyotarajiwa kupona na hawezi safari, mlango wa kuhijiwa upo wazi, kwa sharti kwamba anayemhijia awe ameshajihijia mwenyewe kwanza. Ni jambo la kumuuliza shekhe wenu mapema, pesa zikiwa bado hazijalipwa.

Wenyeji wetu nao sasa wameweka mipaka. Masharti ya afya ya Saudi Arabia kwa Hija ya 1447 (2026) yaliwazuia watu kama wale wanaosafishwa damu kwa mashine kwa kuharibika figo, wenye moyo ulioshindwa kiasi cha kutoweza hata kazi ndogo, wanaohitaji hewa ya oksijeni kwa maradhi ya mapafu, wanaotibiwa saratani kwa dawa kali, na wazee waliopotelewa na kumbukumbu. Ukimficha mgonjwa wa aina hiyo ndani ya msafara, mzigo wake utabebwa na wazee wenzake.

Tukumbuke pia yaliyotokea mwaka 2024. Tarehe 17 Juni joto katika Msikiti Mtukufu lilipimwa nyuzi 51.8. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, na kwamba asilimia 83 ya waliofariki walikuwa wamekwenda bila kibali, wakatembea masafa marefu juani bila hema wala pa kupumzikia. Miongoni mwao walikuwamo wazee na wenye maradhi ya muda mrefu. Kwa hiyo akikujia mtu wa kukuuzia Hija ya rahisi kwa viza ya matembezi, jua kwamba hata hema la Mina hukununua. Kweli Hija inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na inaondoka taratibu katika kiangazi chao. Lakini hata mwezi wa Mei Makka hupita nyuzi 40, na mzee wa miaka sabini mwili wake haupoi upesi kama wako.

Kizazi ninachokizungumzia ni cha baba na mama zetu waliozaliwa baina ya kumalizika Vita Kuu ya Pili na miaka ya Uhuru. Wengi walisomesha watoto kwanza, wakajenga, ndipo wakaanza kufikiria Hija. Hao ndio wanaoondoka na presha, sukari, magoti na tezi dume kwa pamoja. Hainipendezi hata kidogo desturi yetu ya kuona kwamba Hija ni ibada ya uzeeni, lakini waliokwisha kuzeeka tuwasaidie walipo.

Basi miezi sita kabla, mpeleke mzee akapimwe presha, sukari, figo, macho na miguu. Hapo upo muda wa kubadilisha dawa na kuona kama zinamfaa. Atakayebadilishiwa dawa ya presha wiki ya safari atakwenda kuijaribu kwenye ndege. Anayetumia vidonge vya kukojoza amuulize daktari wake mapema atazinywaje kwenye joto kali, maana vinatoa maji mwilini na jua nalo linatoa. Asiviache kwa uamuzi wake mwenyewe. Anayetumia vidonge vya sukari au insulini ajue kwamba akizitumia kisha akakosa chakula kwenye foleni ya mabasi, sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka. Tende tatu mfukoni ni dawa.

Mazoezi yaanze mapema vilevile. Watu wanadhani Hija ni kukaa na kuswali. Kusai peke yake, safari saba baina ya Safa na Marwa, ni kilomita tatu na zaidi. Tawafu ikifanywa ghorofani mzunguko hurefuka mara kadhaa kuliko ule wa chini karibu na Al-Kaaba. Bado Mina, Arafa, Muzdalifa na Jamarati. Mzee aanze baada ya swala ya Alfajiri kutembea robo saa, aongeze kidogo kidogo hadi afikie saa nzima. Akibanwa na kifua au pumzi njiani, asimame hapo hapo, na siku hiyo hiyo aje hospitali. Ni heri tulijue hapa.

Kuhusu viatu, nawaomba mnisikilize sana wenye kisukari. Wanawake hawana tatizo, wavae viatu vya kufunika na soksi. Mwanamume aliye katika ihramu atafute sandali pana, zenye soli laini na mikanda isiyokata ngozi, zisizofunika vifundo. Azinunue miezi miwili kabla na azitembelee hapa nyumbani. Awe na mfuko mdogo wa kuzitia anapoingia msikitini, asiziache mlangoni. Kila usiku nyayo zitazamwe kwa tochi na mtu mwenye macho mazuri. Na ikiwa miguu yake imekufa ganzi kiasi kwamba hapaswi kabisa kuwa peku, amuulize shekhe juu ya kuvaa kwa udhuru na fidya yake, kwani dini haikuacha jambo hili bila jibu.

Jambo jingine wazee hawalisemi kwa haya. Wazee wa kiume wenye tezi dume, na kina mama ambao mkojo hauwangoji, huamua kutokunywa maji ili wasipange foleni ya choo Mina. Nimeambiwa hivyo na mahujaji zaidi ya mmoja. Mzee kwa kawaida kiu haiji upesi, sasa akiongeza na kujinyima, figo na ubongo ndivyo vinavyolipa. Anywe kidogo kidogo hata bila kiu, isipokuwa yule mgonjwa wa moyo au figo aliyepewa kipimo na daktari wake. Tezi ishughulikiwe kabla ya safari, na nepi za watu wazima si aibu. Mwavuli nao uchukuliwe, kwani aliye katika ihramu hakatazwi kivuli cha mwavuli.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini, ziwe katika maboksi yake, na zizidi wiki mbili juu ya siku za safari. Insulini ikiwekwa begi la chini inaweza kuganda, na ikigusana na barafu moja kwa moja huharibika. Achukue barua ya daktari inayotaja maradhi na dawa. Na wenye maumivu ya magoti wajihadhari, tramadol ni dawa inayodhibitiwa Saudi Arabia, asiibebe kienyeji kama panadol.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne (A, C, W na Y) ichomwe si chini ya siku kumi kabla ya kufika. Ile ya homa ya manjano, kwa wanaotoka nchi zinazotakiwa kuwa nayo, tangu 2016 cheti chake ni cha maisha, basi mzee aliyewahi kuchanjwa aitafute kadi yake ya zamani. Hili lina maana, kwa sababu mtu wa miaka 60 na zaidi akichanjwa mara ya kwanza ana hatari kubwa kidogo ya madhara, na anahitaji kuzungumza na daktari kwanza. Chanjo ya mafua nayo inamfaa.

Mwisho, ruhusa za sharia zitumike. Ummu Salama (r.a.) alipolalamika maradhi, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza atufu akiwa amepanda mnyama, nyuma ya watu. Wanyonge waliruhusiwa kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya msongamano. Asiyeweza kurusha mawe huwakilishwa. Halafu leo mzee anakataa kiti cha magurudumu kwa sababu jirani yake alitembea! Kijana unayempeleka mzazi, lizungumzeni hili kabla hamjaondoka, maana mkifika pale kila mtu anakuwa shujaa.

Maalim wangu ana nia ya mkewe naye aende. Mwezi uliopita alimleta mwenyewe zahanati, akakaa benchi pamoja naye tangu asubuhi. Ilipofika zamu yao akanipa fomu, akasema, "Mara hii pima kwanza." Presha ya mama iko juu. Tumempa dawa, amepewa miadi ya wiki nne, na fomu iko kwenye mtoto wa meza yangu, haijapigwa muhuri.

Wabillahi tawfiq.