Asteroidi inakuja: ni jiwe, chuma au rundo la kokoto?

Februari 2025, uwezekano wa asteroidi 2024 YR4 kuigonga Dunia mwaka 2032 ulipanda hadi asilimia 3.1. Mitandao ikachafuka. Siku chache baadaye vipimo vipya vya njia yake viliondoa hofu hiyo.

Lakini katikati ya kelele zile, swali moja halikuwa na jibu la uhakika: ina ukubwa gani? Makadirio yalikuwa kati ya mita 40 na 90. Si tofauti ndogo hiyo. Kama ni jiwe la aina moja, la mita 90 lina uzito wa zaidi ya mara 10 ya lile la mita 40.

Tatizo ni kwamba kwenye darubini asteroidi ni nukta tu ya mwanga. Kubwa nyeusi kama mkaa inaweza kung'aa sawa na ndogo nyeupe. Ilibidi darubini ya anga za juu ya James Webb ipime joto lake Machi 2025 ndipo ikajulikana ni mita 60 hivi.

Kujua imeundwa na nini, wataalamu huchambua rangi za mwanga wake, maana kila madini hufyonza rangi zake. Njia nzuri, ila inasoma ngozi ya juu tu.

Sudan ilionyesha hilo. Tarehe 6 Oktoba 2008, asteroidi 2008 TC3, ya mita 4 hivi, iligunduliwa kutoka Arizona, Marekani. Rangi zake zilipimwa ikiwa bado angani. Siku iliyofuata ikapasukia juu ya Jangwa la Nubia. Mwanaastronomia Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na mwenzake Peter Jenniskens waliongoza wanafunzi kupekua mchanga kwa miguu, na baada ya misako kadhaa vikapatikana vipande karibu 600. Kumbe haikuwa jiwe la aina moja! Ilikuwa mchanganyiko wa mawe ya asili tofauti kabisa, na mengine yana vitundu vingi.

Hapo ndipo penye kazi. Septemba 2022, chombo cha NASA cha DART kiliigonga Dimorphos na kufupisha mzunguko wake kwa dakika 33 hivi, wakati lengo la chini lilikuwa sekunde 73 tu. Kifusi kilichoruka kiliongeza msukumo. Pande la chuma lisingerusha kifusi kiasi hicho. Kuhesabu asteroidi bila kujua malighafi yake ni nusu ya ulinzi.

Mtihani unaofuata ni Apophis. Tarehe 13 Aprili 2029 itapita kilomita 32,000 hivi kutoka Dunia, karibu kuliko setilaiti zinazorusha matangazo kwenye madishi ya TV. Haitatugonga, na sehemu kubwa ya Afrika itaweza kuiona kwa macho, mawingu yakiruhusu. Rangi zake zinasema ni ya mawe. Baada ya hapo chombo cha OSIRIS-APEX kitaifuata, kisogee karibu na kupuliza vumbi lake kwa injini, kuona kilichopo chini.