Waridi la Nyumbani si Waridi la Sandukuni

Kosa langu nalisema wazi, kwa kuwa naona majirani zangu wanalirudia kila mwaka. Mwaka 2006 niling'oa mwaridi wa marehemu mama, uliosimama uani kwetu Tanga tangu mimi ni mtoto, nikapanda mahali pake miche saba niliyoinunua kwenye kitalu kimoja cha Arusha. Kila mche ulikuwa na kadi yenye picha: hili la rangi ya damu ya mzee, lile la manjano, jingine jeupe lenye ncha nyekundu. Muuzaji aliniambia kuwa hizo ndizo aina za kisasa, zile zile zipelekwazo Ulaya. Nami, mwalimu mstaafu mwenye kiinua mgongo mfukoni, nikaamini kwamba kilichowafaa Wazungu hakiwezi kunishinda mimi.

Dada yangu alipoliona shimo hakugomba. Aliuliza tu, "Kaka, sasa vikuba tutatunga kwa nini?" Nikamwonyesha kadi.

Matumba yalitoka makubwa, siwezi kukana. Lakini kwa joto letu yalifumuka asubuhi na kufikia jioni ya pili yamekwisha kunyauka, na mtu akiinamisha pua hakuti kitu, kana kwamba ananusa karatasi. Ikaja masika. Majani yakashika madoa meusi, yakageuka manjano, yakapukutika, miche ikabaki miiba mitupu. Nikanyunyiza dawa kila wiki mpaka wajukuu wakakatazwa kucheza uani. Kufika mwaka wa tatu mitano ilikuwa imekufa. Wa sita ulichipua kwa nguvu, nikafurahi, kumbe lile lilikuwa shina la chini lililobebeshwa. Limepanda juu likalimeza waridi la kwenye kadi, likatoa viua vidogo visivyofanana na picha yoyote. Wa saba ninao hadi leo. Hutoa maua mawili au matatu kwa mwaka, nami huyatazama kama mtu atazamavyo risiti.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba mawaridi yale ni mabaya. Nasema yalitengenezwa kwa kazi nyingine. Arusha iko juu, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Naivasha ya Kenya iko juu zaidi. Usiku wa huko una ubaridi, ua hukua taratibu na kunenepa. Tena mkulima wa huko hufunika miwaridi yake ili mvua isigonge majani, maana ukungu wa madoa meusi huingia pale jani linapokaa limelowa saa nyingi. Na mnunuzi wake anataka nini? Anataka kikonyo kirefu kilichonyooka, petali ngumu, ua litakalovumilia sanduku, ndege na duka, kisha lisimame ndani ya chupa siku nyingi. Wazalishaji wakachagua hivyo, kizazi baada ya kizazi, na harufu haikuwa katika hesabu. Basi mimi, nisiye na sanduku wala ndege, ua la safari nalitakia nini?

Wako wengine wanaokosea kwa upande wa pili. Rafiki yangu mmoja, baada ya kunisikia nikilalamika, alitaka kuagiza mwaridi kutoka Oman, kule Jabal Akhdar yanakokamuliwa marashi tunayonyunyiziwa kwa mrashi kwenye maulidi. Nilimzuia. Mwaridi ule ni wa mlimani, umezoea majira ya baridi, na huchanua msimu mmoja tu, kati ya Machi na Mei. Uswahilini utamwotea majani. Ukoo mtukufu hauondoi jasho la Tanga.

Tunasahau kwamba bahari hii yetu ina mawaridi yake. Katika kisiwa cha Réunion, wakati huo kikiitwa Bourbon, wakulima walizungushia mashamba yao uzio wa miwaridi ya namna mbili: ule wa China, unaochanua mwaka mzima, na ule wa Dameski, wenye harufu. Ndani ya uzio huo ikaota miche iliyochanganya damu za pande zote mbili. Miaka ya 1810 mtaalamu Mfaransa aitwaye Bréon akaitambua, na mbegu zikapelekwa Paris. Kutokana na ukoo huo, pamoja na mingine, yakaja kupatikana mawaridi ya kisasa, na La France la mwaka 1867 huhesabiwa kuwa la kwanza lao. Kwa hiyo yale tunayoletewa kwa kadi na picha ni wajukuu wa uzio wa shamba la kisiwa cha joto, waliolelewa Ulaya mpaka wakasahau kunukia.

Najua nitakavyojibiwa. Kwamba waridi la zamani ni dogo, ni la kizee, linapukutika baada ya siku mbili, na halina hata jina. Ni kweli, mama aliliita waridi, basi. Lakini kikuba hakitaki kikonyo, kinataka petali. Ua linalopukutika leo na kesho kutwa likachanua jingine, kwa mama wa nyumba ni bora kuliko ua linalokaa chupani wiki mbili bila ya kumwambia mtu neno. Na hilo la jina ndilo linaloniudhi hasa. Kwa sababu halina jina, hakuna kitalu kinacholiuza. Kwa sababu haliuzwi, watu huliona takataka, hulikata wakitaka kumwaga saruji uani. Mti umekaa nasi miaka hamsini bila ya dawa wala bwana shamba, nao tunaudharau kwa kukosa kadi!

Nililipata tena mwaka 2011, Pangani, kwa shoga yake mama, ambaye zamani alipewa tawi. Nilifika mafundi wamekwisha kuvuta kamba za kujenga banda, na mwaridi uko ndani ya kamba. Niliwaomba siku moja. Nilikata vipande kumi na viwili, unene wa kalamu ya risasi, urefu wa shibiri moja, kila kimoja nikikikata chini kidogo ya kifundo. Nilivifunga kwa gunia lililoloweshwa, nikarudi na basi la jioni. Nikavichomeka kivulini, mchanga na samadi kuukuu ya mbuzi, na maji ya mvua, kwani kisima changu kina chumvichumvi na mwaridi hauipendi. Vinne vilishika. Vitabu vya Kiingereza vinasema pogoa mwisho wa baridi, mti ukiamka. Wangu haulali, nami huupunguza Agosti, kabla ya vuli.

Mche wa kwanza nilimpelekea dada. Aliupokea, akanusa jani, akasema, "Huu uanzie kwangu, wewe ulikwisha kuung'oa mmoja." Sikuwa na jibu. Mwenye kutaka tawi aje wakati wa masika na chombo chake. Kadi ya picha sina.