Simu Nayo Ni Kompyuta, Tuache Ubishi!

Test zilinibana ndo maana nilikuwa kimya. Leo nina neno na wale wa hapa hostel wanaosema, "Hiyo hitilafu ni ya kompyuta, simu haihusiki." Wengine wanasoma hiyohiyo kompyuta! Mimi wa Education nasema si kweli, na ushahidi upo.

Chukueni Dirty COW. Iliingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2007, ikaja kuzibwa Oktoba 2016. Miaka tisa!

Ngoja nifundishe kidogo, si ndo kazi niliyoisomea. Matokeo yamebandikwa ubaoni, ruksa kusoma tu. Ukitaka kuandika, kerneli inakupa fotokopi yako, karatasi halisi haiguswi. Sasa wanakuja wawili kwa mpigo: mmoja anaandika, mwenzake anaichana ile fotokopi, tena na tena, mara maelfu. Kuna upenyo mdogo sana ambapo fotokopi imeshachanwa na kerneli haijashtuka. Hapo kalamu inatua kwenye karatasi halisi. F imekuwa A! Kwenye mashine, mtumiaji wa kawaida anageuka bosi wa kila kitu.

Haya niambieni, hapo kipanya kiko wapi? Kibodi iko wapi? Kosa liko kwenye kerneli, na Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux. Simu ya kwanza ya Android ilitoka 2008, kasoro ikiwa tayari ina mwaka mmoja.

Watajitetea kwamba Android ina kuta zake za ziada. Ni kweli zipo, na zinamsumbua mshambuliaji. Lakini 2017 kampuni ya Trend Micro ilitangaza ZNIU, programu hasidi iliyotumia Dirty COW kuteka simu za Android. Wahanga walizidi 5,000, wengi wao China na India. Kule China ilifanya malipo kwa SMS kana kwamba ni mwenye simu mwenyewe.

"Mimi natumia iPhone." Sawa, Dirty COW haikukugusa, ila si kwa sababu ni simu. Kerneli yake ni nyingine, basi. Na zamu yenu ilifika: Desemba 2022 Apple iliziba CVE-2022-46689, mashindano ya namna hiyohiyo ndani ya kerneli, kwenye Mac na iPhone kwa pamoja.

Kwa hiyo acheni kuuliza "ni ya mezani au ya mkononi?" Ulizeni chini kuna kerneli gani, na imezibwa lini. Bumu likiingia tunalihamishia kwenye simu, halafu simu yenyewe mtumba, kiraka chake cha mwisho hatukijui! Fungua mipangilio, angalia tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa imegota 2016, usiiwekee hela hiyo simu.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje nayo, ubishi mtupu abaki nao kantini.