Picha moja ya Pangani, ugomvi wa kijiji kizima



Majuzi nimebishana na washkaji mpaka chai ikapoa. Picha ilikuwa inazunguka kwenye simu: ufukwe wa Pangani, mnazi umelala, mizizi iko hewani, na maneno juu yake, "bahari inatumaliza". Jamaa mwingine naye akatoa ya kwake, sehemu ileile, mchanga mweupe umejaa hadi kwenye majani. "Ona, waongo hawa, wanatafuta pesa za wafadhili!"

Mimi nikauliza kitu kimoja tu. Zimepigwa lini? Ya kwanza Julai, ya pili Februari. Basi hapo hakuna mwongo.

Mtu wa pwani anajua, ila tukishashika kamera tunasahau. Kusi likianza kushika, kuanzia kama Mei mpaka Septemba hivi, mawimbi yanakuwa makali na mchanga unasukumwa kuelekea kaskazini. Kaskazi likivuma, Desemba mpaka Machi, unarudishwa kusini. Kwa hiyo ufukwe unakonda na kunenepa kila mwaka. Na hapo hujaweka bamvua. Huku kwetu maji kupwa na kujaa yanapishana zaidi ya mita 3, picha ya asubuhi na ya mchana utadhani ni nchi mbili. Masika nayo ina vituko vyake: mto unashusha maji ya rangi ya chai ya maziwa, mtu anapiga picha mlangoni mwa mto halafu anaandika "uchafuzi wa bahari". Uchafuzi gani bwana, hiyo ni mvua ya bara!

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi bahari hailI pwani. Inakula kweli. Nendeni Maziwe, kile kisiwa mbele ya Pangani. Wazee wanakikumbuka kikiwa na miti, kasa wakipanda kutaga kwa wingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Leo ni fungu la mchanga, bamvua likijaa linazama lote, na mayai ya kasa yanayokutwa pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasioze majini. Hilo halirudi kaskazi likivuma.

Na sababu si upepo peke yake. Mto Pangani unatoka Kilimanjaro na Meru, na njiani umefungwa Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani Falls. Mchanga uliokuwa ulishe ufukwe unabaki nyuma ya mabwawa. Mikoko ikikatwa, kingo zinabaki uchi. Mjini Pangani ilibidi wajenge ukuta wa kuzuia maji. Ukuta ni mzuri kwa nyumba zilizo nyuma yake, lakini wimbi likigonga ukuta linakwenda kutafuta pa laini pembeni. Je, pembeni kuna nani? Hapo ndipo picha inapotakiwa.

Tena wakati wenyewe ndio huu. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, lile lililowekewa jiwe la msingi Agosti 2017. Bandari ya Tanga imechimbwa kina. Zamani meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali na mizigo kuja kwa matishari. Pangani nako kuna daraja la mita 525. Miaka 10 ijayo mvuvi atakuja kusema "hapa palikuwa na dago letu" na ataulizwa ushahidi. Atatoa nini? Selfi?

Mimi nilishafukuzwa na mlinzi mmoja nikipiga picha mikoko tu, eti kuna mitambo upande wa pili. Sikubishana. Penye bandari na mitambo omba kibali kwanza, na droni usirushe bila ruhusa, utalala ndani. Lakini mikoko na fukwe za wazi ni nyingi, kuanzia Raskazone, Mwarongo, Kigombe mpaka Ushongo.

Ninachofanya mimi: nimechagua kona moja Kigombe, nasimama kwenye jiwe lilelile, mbuyu uleule uingie pembeni. Mara nne kwa mwaka, kaskazi, masika, kusi na vuli, siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Naandika tarehe na saa. Februari nalinganisha na Februari, sio na Julai. Simu ya kawaida inatosha kabisa, sina kamera ya maana.

Nina ombi moja. Kama babu yako ana picha ya Maziwe ikiwa bado na miti, hata kama imeliwa na mende, ipige picha uitume, na umuulize ulikuwa mwezi gani.